Siku Inavunjika

Askari wawili walilichukua daftari langu asubuhi, nikiwa nafundisha watoto kuhesabu huko Hombolo, wakanichukua na mimi. Wajerumani walikuwa vitani na Waingereza, na wamisheni Waingereza walionisomesha walikuwa wamekwisha kuwekwa chini ya ulinzi. Nilikuwa nimehitimu ualimu miezi michache tu kabla ya hapo. Njia nzima hadi boma la Dodoma nilijiuliza ni nani aliyenisema. Jirani yangu alikuwa amenipa maziwa juzi bila kuombwa. Kwa nini maziwa, na kwa nini juzi?

Nje ya boma walikaa wafungwa wa mnyororo, na pingu moja ya shingo ilikuwa haina mtu. Niliitazama, nikajutia kuitazama.

Ndani, bwana mkubwa wa Kijerumani alikuwa na daftari langu mbele yake. Kando alisimama karani wake, mtu wa Kondoa mwenye kanzu safi, ndiye mkalimani. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kunitazama, nami nikaona hiyo ni ishara mbaya.

Ukurasa waliofungua ulikuwa wa kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya kuvunja, nilichokiandika juu kabisa. Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba Waingereza hukitumia kwa vyungu na pia kwa mambo yasiyoshikika, akatuagiza tukusanye mifano. Mimi, kwa kuogopa kukosea, nilikuwa nimetafsiri neno kwa neno. Karani akasoma: Mtungi umevunjika. Watoto wamevunja mstari. Mvunjie mama yake habari polepole. Siku inavunjika, tuondoke.

"Siku gani hiyo?" akauliza. "Na mnaondoka kwenda wapi?"

Nilisema ni kupambazuka tu. Akauliza kwa nini basi sikuandika kupambazuka. Nikaanza kueleza maana ya wazi na maana ya fumbo, na neno hilo liliponitoka nikatamani kulimeza. Bwana mkubwa, aliyejua Kiswahili kidogo, alilirudia taratibu, fumbo, akaliandika. Kisha akataka kujua kama mstari ule ni njia ya treni. Nikasema ni mstari wa watoto shuleni, nikaongeza kwamba reli sina haja nayo, na kwamba sijawahi hata kuisogelea. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hayo.

Karani akafunga daftari.

"Mwalimu, una dada?"

"Ninaye mmoja."

"Amevunja ungo?"

Nilidhani ananitukana ili nikasirike, nipatikane na kosa lililo wazi. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, mwaka jana.

"Sasa mama yako anapepeta nafaka kwa kutumia nini?"

Askari wa mlangoni akacheka. Karani akamgeukia bwana mkubwa, akaongea Kijerumani kirefu, akichora ungo hewani kwa mikono, kisha akasema jambo lililomfanya yule Mzungu awe mwekundu hadi masikioni. Nikaambiwa niende. Daftari likabaki.

Wiki nyingi baadaye, zilipovuma habari kwamba Waingereza wanakaribia, karani alikuja shuleni peke yake na kuketi kwenye benchi la watoto. Nilimwamkia, nikatazama nyuma yake kama kuna askari.

"Lile neno la kuvunja," alisema, "wenyewe hulitamkaje?"

Mtu aliyeniokoa alikuwa ananiomba neno moja tu. Au aliniokoa ili siku hiyo anitege vizuri zaidi.

"Nimelisahau, bwana karani."

"Wewe, mwalimu, hata kivuli chako utakiuliza kimetumwa na nani." Akainuka, akaniachia daftari langu pale benchini.

Sikuligusa mpaka watoto wote walipokwenda kwao. Kurasa zote zilikuwepo isipokuwa ule mmoja, uliokatwa kwa kisu, kwa uangalifu, bila kuchanika. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuniuliza neno ni lipi. Aliuliza hutamkwaje.

Nilitoka hadi mlangoni. Alikuwa mbali tayari, amenipa mgongo, na sikuweza kuona kama midomo yake inasogea, ikilijaribu neno la Waingereza.