Mwenyeji wa Misandali ya Shemeji Deki

Mimi ndiye niliyemweleza shemeji yangu maana ya neno "mwenyeji", na nilimweleza vibaya. Nalisema mapema ili baadaye mtu asije akanitolea macho. Katika mambo mengine mengi nimekuwa sahihi, mashahidi ninao, lakini habari ya leo si yangu, ni yake.

Shemeji huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Sote tunamwita Deki, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja alipiga deki katika ofisi moja ya serikali, ghorofa ya kwanza mpaka ya tatu, ngazi zikiwemo. Akija kwangu hukaa ukingoni mwa kiti kama ndege aliyetua kwenye waya, macho yakitembea kwenye pembe za chumba.

"Shem," ataniuliza, "huyu buibui unamlisha nini mpaka kanenepa hivi?"

Chumba cha mwisho cha ghorofa ya tatu kilikuwa cha mkubwa wa ofisi, na juu ya meza yake kulikuwa na kijisanduku cha mti wa msandali cha kuwekea pini. Kila asubuhi, kabla hajafika mtu, Deki alikifuta vumbi, na kila alipokifungua ilitoka harufu. Anasema haikuwa kama manukato ya dukani. Ilikuwa na joto, kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alisimama pale na kitambaa mkononi, madirisha yakiwa bado na rangi ya majivu, na kwa muda wa pumzi tatu nne jengo zima lilimtoka: ngazi, makorido, nyayo za watu. Nilimuuliza alikuwa anakwenda wapi.

"Ndani ya mti, shem."

Sikucheka. Nilicheka nilipofika kwangu.

Siku aliyostaafu walimwambia achukue ndoo yake. Ubavuni mwa ndoo kulikuwa na kipande cha plasta chenye jina lake, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, na katika jengo lote lile alilolisugua, hapo ndipo mahali pekee jina lake lilipoandikwa. Alirudi nayo kwenye shamba aliloachiwa na kaka, linalopakana na langu, akaiweka mlangoni. Hakuitumia. Alikuwa akiitazama tu.

Mwaka uliofuata serikali ikaleta mradi wa miti ya thamani. Si kupanda msitu, bali miti katikati ya mazao. Kilimo mseto, ndivyo walivyokiita. Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Afisa misitu alikuwa mwanamama mwembamba, sauti yake ya chini, na mpaka leo tunamwita Bibi Miti. Akapanga miche mezani: mtiki, mkangazi, mvule. Deki alikuwa anasinzia. Kisha Bibi Miti akatoa mfukoni kipande cha mti, ukubwa wa kidole gumba, akakipitisha mkono kwa mkono tukinuse. Kilipofika kwa Deki, kikakwama.

"Mama, pitisha na sisi tunuse!" mtu wa nyuma akalalamika.

Deki amefumba macho. "Kumbe hiki kitu huota," akasema, taratibu, kama mtu anayeongea usingizini.

Masharti yalikuwa hivi. Msandali haukatwi hovyo, unahitaji karatasi ya serikali hata kama umeota shambani kwako. Basi atakayejiandikisha atapewa miche mia bure. Baada ya mwaka na nusu watakuja kuihesabu. Ikiwa hai sitini, shamba linaingia kwenye daftari la misitu na mwenye shamba anapewa hati yenye jina lake, kwamba miti hii ni yake, na ni ya watoto wake baada yake. Ikipungua sitini, nafasi inakwenda kwa mwingine aliye kwenye foleni. Nilimwona Deki midomo ikimchezacheza. Alikuwa anarudia maneno matatu: "yenye jina lake."

Kisha Bibi Miti akasema: "Msandali una tabia yake. Hauishi bila mwenyeji. Mwenyeji akiondoka, mche unakufa. Sasa, huyo mwenyeji..."

Hapo mvua ikaangukia mabati. Bibi Miti aliendelea kueleza, mikono inapanda na kushuka, na hakuna aliyesikia kitu. Deki akaniinamia sikioni.

"Shem, mwenyeji ndiyo nani?"

Alimuuliza nani? Mimi, niliyefika darasa la saba na kulirudia kwa hiari yangu. "Neno jepesi hilo," nikamwambia. "Mwenyeji ni mwenye mji. Mwenye nyumba. Ni wewe! Mti wa kitajiri huo, shem, una deko. Unataka kukuona."

Alinitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha tena.

Miche ilikuja kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, na kando ya kila mche kulikuwa na kimmea kidogo kinachotambaa. Deki alikaa na viriba vyake siku nzima, akaving'oa vile vimmea kimoja kimoja, kwa ncha za vidole, kama anayetoa uzi kwenye kola ya mtu. Akapanda miche mistari kumi, kumi kumi, imenyooka kama vigae. Kuanzia hapo akawa anafagia shamba. Sisemi kulima, nasema kufagia! Udongo ukang'aa.

Na hakuondoka. Alibeba kigoda chake, akakaa katikati ya miche tangu umande mpaka jua linapolegea. Sokoni alituma watu. Nilikuwa nikipita mchana namwona pale, mwanga mweupe umemzunguka, vumbi limesimama hewani kama limesahau kuanguka, na yeye anaisimulia ile miche habari za ofisini: nani alikuwa akificha viatu vyake chini ya meza, nani alikuwa akiimba chooni. Mara nyingine alinyamaza tu na kuinua pua, na mimi nilijua yuko ghorofa ya tatu, kijisanduku kimefunguliwa. Wallahi nilitembea kwa ncha za vidole, shambani, mtu mzima mimi.

Mwanawe, anayekaa mji mwingine, akajifungua mtoto wa kike. Akapiga simu. Nilikuwepo.

"Mama, njoo umwone mjukuu wako."

"Siwezi, mwanangu. Mwenyeji haondoki."

"Mwenyeji gani tena?"

"Muulize baba yako mdogo, anajua."

Nikapewa simu. Nikaeleza, kwa fahari.

Kiangazi kilipoingia, miche ikaanza kugeuka rangi. Kwanza kingo za majani, halafu jani zima, njano kama karatasi iliyokaa dirishani. Mingine ikakauka kabisa. Deki akasogeza kigoda karibu zaidi. Akaongeza kufagia. Akawa anakuja kabla ya jua, akizungumza nayo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Siku moja nilimkuta amenyamaza, ufagio magotini.

"Shem," akasema bila kunitazama, "nadhani imegundua."

"Imegundua nini?"

"Kwamba mimi si mwenyeji. Maisha yangu yote nimefuta vitu vya watu. Mti si mjinga. Unaona mtu wa ndoo amekaa, unangoja mwenye mji aje."

Jamani, mimi huwa na jibu la kila kitu. Siku ile nilimletea maji ya kunywa.

Bibi Miti akaja kukagua, miezi mitano kabla ya hesabu yenyewe. Akasimama kwenye udongo ule uliofagiwa, akageuka huku na huku.

"Mama, mwenyeji yuko wapi?"

Deki akasimama, akanyoosha nguo yake. "Ni mimi hapa."

"Wewe?"

"Sijatoka miezi kumi na tatu. Hata mjukuu wangu sijamwona."

Bibi Miti hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alichuchumaa. "Kile kimmea kilichokuwa ndani ya kiriba, kinatambaa hivi, ulikipeleka wapi?"

"Magugu yale? Niliyatoa yote siku ya kwanza. Halikubakia hata moja!"

Ndipo akatueleza yale ambayo mvua ilikuwa imeyameza. Mizizi ya msandali ina vidomo. Inatambaa chini ya ardhi mpaka ikute mzizi wa mmea mwingine, inaung'ata polepole na kunyonya. Ule mmea unaonyonywa ndio mwenyeji, kwa kuwa umempokea mgeni na unamlisha. "Mama," akasema kwa upole, "umekaa na wageni mia moja mwaka mzima, ukawapigia hadithi, na kila siku ukawaondolea chakula mezani."

Deki akanigeukia.

"Shem."

"Naam."

"Mwenye mji?"

"Kwa asili ya neno, shem, nilikuwa sahihi kabisa..."

"Nyamaza."

Lakini Bibi Miti alikuwa ameshafika mstari wa mwisho, mpakani kwangu. Miche kumi ile ilikuwa ya kijani, mirefu, majani yanameta. Akatazama upande wa pili wa mpaka, kwenye shamba lenye mbaazi zilizojiotea na magugu ya kufika kiunoni.

"Shamba hili ni la nani?"

Nikainua mkono kidogo tu, nikingoja faini.

"Wenyeji wanakaa hapa," akasema. "Mizizi imepita chini, imekuja kula kwako."

Hakuna shamba lisilopaliliwa lililowahi kusifiwa hivyo. Watu wanasema ni uvivu. Ulikuwa utaalamu uliokuwa unangoja kutambuliwa.

Bibi Miti akakwaruza kwa kucha magome ya ile ya njano. Mingi, chini ya gome, bado ilikuwa na kijani chembamba kama uzi. Akaelekeza: mbaazi zipandwe katikati ya miche kabla ya mvua, vimmea vile vinavyotambaa virudishwe, na mtu asifagie. "Na wewe, mama, nenda kamwone mjukuu."

"Nikiondoka haitaniulizia?"

"Haijui kama upo, mama."

Alilisema kwa wema, lakini niliona lilivyotua. Deki alikaa tena kwenye kigoda, akaitazama miche yake kama mtu aliyeamshwa garini na kuambiwa kituo chake kimepita.

Mbaazi tulipanda pamoja, mbegu nilitoa mimi. Mvua ikaja, magugu yakaja nayo, na mateso ya yule mwanamke siwezi kuyaandika yakatosha. Alikuwa akikaa juu ya mikono yake mwenyewe. Mwishowe akaniletea ufagio na jembe, akaniambia nivifungie kwangu na nisimpe hata akilia. Wiki iliyofuata akafungasha nguo zake. Alisimama mlangoni, akaiangalia miche mara moja.

"Shem, usiwafanyie usafi."

"Shem, kwa hilo unaweza kuniamini."

Hesabu ikafanyika yeye akiwa hayupo. Nilizunguka na Bibi Miti kwenye magugu yenye umande, ukungu umefuta mwisho wa mistari, tunaitafuta miche kwa kupapasa. Mingine iliyokuwa njano ilikuwa imerudi, majani mapya laini kama masikio ya mbuzi mchanga. Mingine tulikuta kijiti tu. Mistari tisa ikatupa hamsini na mitatu. Tukaingia mstari wa kumi, ule wa mpakani kwangu, na wote ukawa hai. Sitini na mitatu.

Toeni kumi mjue wenyewe.

Bibi Miti akafungua daftari. "Mwenyeji aliyejiandikisha yuko wapi?"

Nikamwonyesha mbaazi. Alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, tukaitafuta nayo kwenye majani.

Deki alirudi mwezi mmoja baadaye, akatia sahihi, akapewa hati. Hakuisoma. Alipitisha kidole juu ya jina, mbele na nyuma, kama anayeangalia kama kuna vumbi. Hati ameiweka ndani ya ile ndoo, amefunika na kitambaa. Msandali, Bibi Miti alisema, hautoi harufu mpaka moyo wa mti ukomae, na hiyo ni miaka mingi. Wa kuunusa ni yule mjukuu. Nilimuuliza Deki kama hilo halimsikitishi.

"Nilimshika yule mtoto," akasema, "nikaweka pua hapa shingoni. Shem, ni ileile."

Bado huchukua kigoda na kwenda kukaa kati ya mbaazi, mchana, bila kusema kitu. Haonekani vizuri siku hizi, majani yamempita kichwa. Juzi alikuja kwangu, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaegemea kiti mpaka nyuma. Macho yakapanda pembeni mwa dari, kwa yule buibui. Nikakimbilia kitambaa.

"Mwache," akasema. "Hujui ni mwenyeji wa nani."