Mkono Juu ya Kabureta

Pikapu yetu ilikuwa haiwaki bila mkono wangu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Waya wa choki, ile ya kuzuia hewa injini ikiwa baridi, ulikatika zamani, mume wangu akatafuta mwingine, akakosa, akaacha. Tangu hapo kila asubuhi yeye alikaa kwenye usukani, mimi nikasimama mbele, boneti iko wazi, kiganja changu kimeziba mdomo wa kabureta ili injini ivute petroli nyingi na hewa kidogo. Akipiga stata, kiganja kinanyonywa. Kuna kunyonywa kunakokwambia ngoja kwanza, na kuna kunakokwambia toa sasa hivi. Ukitoa mapema inazima. Ukichelewa plagi zinalowa, na kwa baridi yetu ya Matogoro mtakaa hapo hadi jua lipate nguvu.

"Mkono!" ndivyo alivyoniita, kabla hata hajauliza nimeamkaje.

Boneti ikiwa wazi, kati yake na kioo cha mbele hubaki mwanya. Nikiinama kidogo niliyaona macho ya mume wangu kwenye mwanya huo, macho tu, yakisubiri ishara yangu. Mtu anayekutazama hivyo kila siku hawezi kukusahau.

Alijaribu watu wengine. Mpwa wake aliogopa, akawa anatoa mkono stata ikilia tu. Jirani mmoja kabureta ilimrudishia moto, zikaungua nywele za mkono, hakurudi tena. Kwa hiyo pikapu ilipokwenda nami nilikwenda: Namtumbo kuchukua mahindi, Tunduru msimu wa korosho. Nilikuwa na kiti changu na mto wake, nimeushona mwenyewe kwa mabaki ya kitenge. Wanawake wenzangu walinitania kwamba sisi tumefungwa kamba moja. Mimi nikajifanya kulalamika kuhusu harufu ya petroli isiyotoka mkononi hata kwa sabuni ya magadi. Uongo mtupu. Nilikuwa najidai sana.

Mwaka jana, baridi ikiwa kali, mume wangu alirudi nyumbani na fundi. Alikuwa amechoka na kabureta inayokunywa mafuta hovyo. Alikuwa amepata gari lililopinduka, lenye injini kama yetu kabisa ila ya toleo la baadaye, ambalo kiwandani waliliwekea nozeli za kupulizia petroli na kompyuta badala ya kabureta. Akataka mfumo wote uhamishiwe kwetu.

"Yaani itakuwa unageuza ufunguo tu," aliniambia, anacheka peke yake. "Mtu yeyote anawasha."

Mtu yeyote. Hakujua alichosema.

Fundi alikuwa mwanamke. Binti wa upande wa Tunduru, ushungi umefungwa vizuri, ovaroli limefuliwa likapauka. Alinipa shikamoo huku amekunja magoti. Nikamwitikia marahaba ya midomoni. Niseme wazi: nilimwonea wivu kabla hajashika spana. Na haukuwa ule wivu wa kudhani mume ataibiwa. Huo ningejua dawa yake. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu alisimama pale mbele, mahali pangu, na mume wangu akasimama ubavuni kwake akimshikia taa, anauliza hiki ni nini na hiki kinafanya nini. Mkono wangu ulifanya kazi miaka yote ile, hakuwahi kuniuliza unafanyaje.

Nilikaa jikoni nikichambua dagaa wa Nyasa, mlango nimeuacha wazi makusudi. Nilimwona binti akiifungua kabureta na kuiweka juu ya gunia. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Akafunga ile sehemu yenye nozeli, moja kwa kila silinda. Akashusha tenki, akaingiza pampu ya umeme ndani, akapitisha bomba la kupeleka mafuta na jingine la kuyarudisha. Kompyuta yenyewe, kijiboksi cha kawaida, aliifunga chini ya dashibodi upande wa abiria, pale ninapoweka miguu. Hata hapo!

Wakati wa kula mume wangu alimwambia aongeze ugali. "Kula mwanangu, kazi yako ni ngumu." Roho iliniuma, nikaondoa bakuli la mboga kabla binti hajamaliza kuchovya.

Kazi ilipokwisha, mume wangu alikwenda kwenye usukani. Fundi akasimama pembeni. Na mimi, sijui nilitokaje jikoni, nikajikuta mbele ya gari, nimeinama, kiganja kimeziba bomba la hewa.

Fundi akanishika kifundo cha mkono, taratibu sana. "Mama, hii haitaki mkono. Ukiziba unainyima pumzi."

Mume wangu alicheka mpaka akagonga usukani. Nilirudi nyuma, mkono nimeuficha kwenye khanga kama mtu aliyekamatwa ugoni.

Akageuza ufunguo. Stata ikalia, injini haikuwaka. Akarudia, kimya. Nilifurahi, na sikujilaumu. Nikasema kwa sauti ya huruma, "Jamani, poleni." Fundi hakubabaika. Alifuata nyaya kwa vidole mpaka akakuta ule wa hasi umefungwa kwenye chuma chenye rangi, umeme haupiti. Akakwangua rangi kwa msasa, akakaza nati.

Ikawaka. Haikukohoa wala haikutoa moshi. Ilinguruma kwa upole, imetulia, na mume wangu akamwangalia fundi kwa macho yaleyale ya kwenye mwanya.

Kesho yake ilikuwa safari ya Namtumbo. Niliamka mapema, nikafunga chapati, nikajitanda. Mume wangu akaniambia, kwa wema kabisa, "Leo pumzika mama. Umeteseka na baridi vya kutosha." Kwenye kiti changu alipanda mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akienda msibani. Aliukalia mto wangu, akanipungia mkono! Jioni niliunusa ule mto, ukanuka mafuta ya nywele ya mwenzangu. Niliufua, nikauanika, nikanuna. Mume wangu akauliza naumwa nini. Nikamwambia meno.

Ikawa hivyo safari baada ya safari. Aliwasha, akaondoka, nikabaki na vumbi na ile kabureta juu ya gunia. Usiku nilinusa kiganja. Kilinuka sabuni.

Asubuhi moja, yeye akiwa bado anakunywa chai, nilichukua ufunguo mezani. Niseme kwamba miaka yote ile sikuwahi kukaa upande wa usukani hata kwa mchezo. Ningekaaje, na huku mbele nilikuwa nahitajika? Nilifungua mlango wake, nikapanda, nikageuza. Ikawaka palepale. Mtu yeyote, hata mimi.

Mume wangu alitoka na kikombe mkononi. Alitazama gari, akanitazama mimi, halafu akaja mbele akafungua boneti, kama anayetaka kuangalia maji. Akainama. Kwenye mwanya nikayaona macho yake.

"Niweke mkono?" aliuliza.

Nilitaka kucheka, nikajizuia. "Funga boneti," nikamwambia, "kisha panda."

Alizunguka, akakalia mto wangu, miguu akaikunja kukwepa kile kijiboksi. Gia nilizijua kwa kutazama tu. Niliachia klachi vibaya, pikapu ikaruka, ikazima katikati ya uwanja, chai ikamwagika kwenye suruali yake. Mkono wake ukaenda haraka kwenye ufunguo.

Niliupiga kofi. Nikawasha mwenyewe.