Siku Nilipolipindua Boksi la Kadi

Kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto hakipo, na sijuti. Wanaosema nilijitakia, waseme. Hawakuwapo kwenye lile benchi.

Nilirudi kutoka vitani na kipande cha chuma mguuni. Miaka mingi kilikaa kimya. Uzeeni nikapata sukari, kidonda kikafumuka kwenye kidole gumba, daktari akaniambia wazi: "Mzee, hiki kisipotazamwa kila wiki, tutakata." Kliniki yetu askari wastaafu ilikuwa Alhamisi tu, na ikifika saa nane daktari anafunga mkoba wake.

Alhamisi mbili mfululizo nililala kwa dada yangu Buzebazeba, karibu na kliniki, ili niwahi. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa wawili tu pale mlangoni: mimi na mwenzangu wa Ujiji, niliyelala naye handaki moja kule vitani. Tukaweka kadi zetu kwenye boksi la mapokezi, tukakaa kwenye benchi. Saa nane tukaambiwa, "Siku imeisha, babu. Njooni wiki ijayo." Ala! Wa kwanza kufika ndio wa kurudishwa? Nilinung'unika njia nzima, lakini niliondoka, maana nilifunzwa kutii. Kidole kikaanza kuwa cheusi.

Alhamisi ya tatu nilitokea nyumbani, Ilagala, kwa boti. Mashine ikazima katikati ya ziwa. Nikafika saa tatu, nimelowa chapachapa, najua leo sina changu. Nikaiweka kadi yangu juu ya nyingine zote. Papo hapo binti wa mapokezi akachukua boksi, akaita jina la kwanza. Langu!

Nilifurahi, nakiri. Nikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Kisha nikamwona mwenzangu amejikunja mwisho wa benchi, amelishika goti lake.

"Umefika saa ngapi?"

"Kumi na moja. Kama siku zote."

Hapo akili ikanijia. Kadi za alfajiri zilikuwa chini, na binti alikuwa anaita kuanzia juu. Wiki zote zile sisi tuliowahi tulikuwa tunafunikwa na waliochelewa, na hakuna aliyeuliza. Hasira iliyonipanda, Mungu ndiye ajuaye.

Nililinyakua lile boksi, nikalipindua juu ya meza.

"Babu, unafanya nini? Wewe si ndiye wa kwanza?"

"Mimi ni wa mwisho," nikasema kwa sauti ya gwaride. "Anza na aliyewahi."

"Lakini huu ndio utaratibu wetu."

"Basi utaratibu wenu ni wa hovyo! Mwite mkubwa wako, mwite na mlinzi. Siondoki hapa mpaka aitwe yule pale."

Mlinzi alikuja, akatazama benchi. Wazee wote walikuwa wamesimama, wengine kwa magongo. Akarudi zake getini. Binti akaguna, akachukua kadi ya juu, akasoma jina la mwenzangu.

Mimi saa nane ilinikuta bado nimekaa.

Wiki iliyofuata niliwahi, nikaingia wa kwanza, na kidole kikakatwa siku hiyohiyo. Binti akaniletea maji ya kunywa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, babu. Ungeingia siku ile..."

"Ningeingia, mwenzangu angerudishwa tena. Boksi liko wapi?"

Akalileta. Chini lilikuwa na tundu refu, na kadi iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotangulia kutoka.

"Nililikata mwenyewe kwa wembe," akasema.

Nikayanywa yale maji yote.