Chini Wanang'oa, Juu Wanaziba

Saa mbili asubuhi, wingu zito limeshuka mpaka linakaribia kugusa mabati, na kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi mwanamke mmoja anafurahi peke yake. Wapita njia wanatazama juu kwa kununa. Yeye anatazama kama mtu anayeuona mshahara ukimjia kwa miguu.

"Njoo, njoo, usiogope," analiambia wingu.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Mvua. Ana miaka arobaini na sita, kiti cha magurudumu chenye tairi moja jipya na jingine lililokwishachoka na dunia, na kazi ya kutengeneza miavuli. Siku ya mvua hupitia mikononi mwake miavuli ishirini. Siku ya jua hupita nzi.

Wa kwanza leo ni mwavuli mweusi uliovunjika mbavu mbili. Anaulaza mapajani, anaubana kwa kiwiko cha kushoto, anachukua waya mwembamba kwa mkono wa kulia na kuuzungushia pale ubavu ulipokatika. Kisha anabana ncha moja kwa koleo, anainama, anaung'ata waya kwa meno ya upande wa kushoto na kurudisha kichwa nyuma ili ukaze.

Anakwama hapo hapo. Macho kayafumba. Waya unamtoka mdomoni na kuangukia sakafuni.

"Jino limeanza tena?" anauliza fundi viatu wa pembeni, ambaye kila mtu humwita Mzee Soli.

"Halijaanza, Mzee. Halikuacha."

"Basi lianze kulipa kodi. Linapiga kelele kama lina nyumba yake."

Mama Mvua anacheka huku kashika shavu. Kicheko kinamuuma, lakini hakirudishi.

Polio ilimkuta akiwa na miaka minne. Ikachukua miguu yote miwili, na wakati wa kuondoka ikapitia mkono wa kushoto. Vidole vya mkono huo havishiki kitu. Mkono wake wa pili, kwa hiyo, uko mdomoni.

"Wenzangu wana meno ya kulia chakula na ya kuchekea. Mimi nina na ya kazi," anasema. "Koleo nimelishika kwa mkono huu mmoja. Sasa waya anishikie nani, jini?"

Zamani aling'ata kwa upande wa kulia. Upande huo sasa una pengo ambalo lingetosha kuegesha baiskeli, kwa maneno ya Mzee Soli. Pengo hilo halikuletwa na uzee wala sukari. Lililetwa na ngazi.

Katika hospitali ya umma anayotibiwa, chumba cha meno kiko ghorofa ya kwanza. Shimo la lifti lilijengwa, lifti yenyewe haikufika. Ndani yake hulala mifagio na vitanda vibovu. Chini ya ngazi kuna bango la bluu lenye picha ya kiti cha magurudumu na maneno: "Wenye ulemavu, bonyeza kengele." Kengele iko juu, kando ya mlango wa daktari.

"Mara ya kwanza nilicheka," anakumbuka. "Nikasema hawa watu wana utani. Mara ya pili ndipo nikajua hawatanii."

Miaka sita iliyopita wahudumu wawili walijitolea kumpandisha, kiti na mtu wake. Katikati ya ngazi mmoja aliteleza. Mama Mvua akaporomoka, akavunjika bega la kulia, lile la mkono mzima. Miezi mitatu hakugusa mwavuli. Dada yake ndiye aliyemlisha kwa kijiko, mtu mzima na akili zake.

Hospitali ilichukua hatua. Haikuleta lifti. Ilibandika tangazo kwamba ni marufuku kumbeba mgonjwa kwenye ngazi, kwa usalama wake mwenyewe. Hata ndugu wa mgonjwa wakijitolea migongo yao, mlinzi huwaonyesha tangazo. Ukaanzishwa na utaratibu mpya: asiyeweza kupanda, daktari atamshukia kila Alhamisi, kwenye chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa.

Utaratibu ulipigiwa makofi. Shida ni kwamba mashine ya kuchimba na kusafisha meno imefungwa sakafuni huko juu, pamoja na mabomba na nyaya zake. Daktari hushuka na vile anavyoweza kubeba: sindano ya ganzi na koleo.

"Chini tunang'oa, juu tunaziba," anasema daktari wa meno, kijana mpole mwenye macho ya mtu aliyelala kwa mafungu. "Sijapenda mimi. Nimeomba nipewe chumba cha chini chenye bomba. Nikajibiwa kile ni cha ofisi ya manunuzi." Anajisugua shingo. "Jino la yule mama linazibika. Angekuwa anapanda ngazi, angeshasahau kama liliwahi kumuuma."

Kuna kliniki mbili za binafsi mjini. Moja iko juu ya benki. Nyingine iko chini kabisa, ila bei yake ndiyo haipandiki.

Hivyo kila Alhamisi benchi la nyuma ya dirisha la dawa hujaa wenye magongo na wenye magurudumu, na kila mmoja huondoka na pamba mdomoni. "Tunajuana kwa mapengo," anasema Mama Mvua. "Ukimwona mwenzetu ana meno yote, ujue bado hajaumwa." Yeye aling'olewa mawili ya kulia kwenye chumba hicho, yote mawili ya kuzibika. La tatu, hili la kushoto analofanyia kazi, alikataa.

Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ipo, na inasema jengo la huduma kwa umma lifikike na mtu asipewe matibabu pungufu kwa sababu ya ulemavu wake. Mwanasheria wa kituo cha msaada wa kisheria ndiye aliyemfungulia Mama Mvua kesi dhidi ya hospitali, bila malipo.

"Hospitali inajitetea kwamba huduma alipewa, akaikataa mwenyewe," anaeleza. "Sisi tunauliza: anayepanda ngazi, naye huambiwa achague kung'olewa au kurudi nyumbani?"

Siku ya kusikilizwa, wakili wa hospitali alimgeukia mlalamikaji kwa tabasamu.

"Mama, mdomoni una meno mangapi?"

"Ishirini na tano, mheshimiwa."

"Na umetuita wote hapa kwa ajili ya moja?"

"Wewe una vidole kumi. Nikikuomba kimoja utanipa?"

Ukumbi uliangua kicheko, hata karani. Hakimu aliandika kitu, akaahirisha. Wiki chache baadaye akahamishwa kituo, na kesi ikakaa kumngoja mwingine atakayeisoma upya. Tarehe waliyopewa inaangukia baada ya msimu wa mvua kwisha.

Jino halijapewa tarehe. Daktari anasema limeshapata ufa, na ufa unaelekea kwenye mzizi. Ukifika huko, hata huko juu hawataliziba tena.

Alhamisi iliyopita maumivu yalimshinda. Alijisukuma mwenyewe mpaka nyuma ya dirisha la dawa, akahamia kwenye kiti cha mbao, akafungua mdomo. Daktari alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Nikamwambia, ngoja kwanza, mwanangu. Ukilitoa hili, waya nitaushikia nini?" anasimulia. "Nikamwambia, na mteja akija na mwavuli nimwambie mvua ya mwaka huu imefutwa? Akaiweka sindano chini. Nikaona macho yake yamebadilika. Basi nikafunga mdomo wangu, nikarudi kwenye kiti changu."

Daktari alimpa pamba yenye dawa ya kutuliza. Imetuliza siku mbili.

Nyumbani dada yake amechoka kumsikia akiugulia chumba cha pili. Amemwomba aling'oe, apumzike, miavuli ipumzike nayo. Mama Mvua anamwelewa. Anachomjibu ni kwamba akipumzisha miavuli, ataanza yeye kubebwa na watu, na kubebwa alishakuonja.

Mwanasheria amemwambia kwamba hata jino likifa, kesi haifi. Habari hiyo haikumfurahisha kama ilivyotarajiwa.

"Yaani nitashinda nikiwa kibogoyo," anasema. "Lakini sawa. Pale benchini nilimkuta binti mmoja, karani wa duka, kiti chake kipya hata nailoni hakijavuliwa. Ndiyo mara yake ya kwanza. Ananiuliza, mama, wataziba? Ana tundu dogo tu, huwezi kuliona. Nataka siku moja mtu kama yule aje pale chini aambiwe, fungua mdomo, tutaziba. Na isiwe Alhamisi peke yake. Meno yetu huuma mpaka Jumatatu."

Mvua inaanza kwa matone makubwa, kisha inamwagika yote. Mtaa unakimbia. Mwenye mwavuli mweusi anaingia barazani akitiririka maji, anauulizia. Mama Mvua anasema dakika moja, baba, unakaribia.

Anaokota waya. Anajaribu kuung'ata kwa meno ya mbele, unateleza. Anaupeleka kushoto, unagusa jino, anautoa haraka.

Mzee Soli, ambaye siku zote huapa kwamba hawezi kushika kazi ya mvua, yeye ni mtu wa nchi kavu, anaweka kiatu chini. Anasogeza kigoda chake, ananyoosha mkono na kushika ncha ya waya.

Mama Mvua anaanza kuzungusha koleo.

"Polepole, Mzee," anasema. "Unavuta kama wale wa chini."