Dola Hamsini za Jaji Kessenich

Ardis Tollefson hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Kila kipeperushi kilicholetwa na posta majira ya uchaguzi alikigeuza, akavaa miwani, akatafuta yale maandishi madogo ya chini: nani kalipia? Majirani zake pale Wisconsin, jimbo la Marekani ambako hata majaji huchaguliwa kwa kura, waliishia kutazama picha. Ndiyo maana, kwa maoni yake, walidanganywa kila Aprili.

Mwaka ule vilimfikia kumi na saba, vyote vya kumchafua Jaji Kessenich, eti anawahurumia wezi na hununulika. Mlipaji alikuwa chama kiitwacho Familia Salama, ambacho hakuna aliyewahi kumwona mwanachama wake hata mmoja. Ardis akanusa jambo. Kesi yake ilikuwa mbele ya jaji huyohuyo: kampuni jirani yenye ng'ombe elfu nne ilikuwa imetiririsha samadi mpaka kisima chake kikanuka, na huu ulikuwa mwaka wa pili ananunua maji ya kunywa. Kisheria chama kile hakikulazimika kutaja wafadhili wake, lakini nani mwingine angetaka jaji yule ang'oke?

Ijumaa, wakila samaki wa kukaanga kwenye baa, alimwambia wifi yake Corinne kwamba ameichangia kampeni ya jaji dola hamsini.

"Wewe? Usiyemwamini hata mchungaji?"

"Jaji simwamini pia. Ila dawa ya moto ni moto, wifi."

Kessenich akapenya kwa tofauti ya kura mia mbili. Mwezi Mei Ardis akaenda mahakamani na gauni lake la kanisani, moyo mweupe. Wakili wa kampuni akasimama kwa upole wote, mkononi ana orodha ya wachangiaji wa jaji, ile iliyo wazi kwa kila mtu. Jina moja lilikuwa limepigiwa mstari.

"Bi Tollefson, huyu ni wewe?" jaji aliuliza.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Na wao je, walitoa ngapi?"

Wakili akajibu kwamba kampuni haimo katika orodha yoyote. Kweli haikuwamo.

Jaji alivua miwani. "Miezi mitatu nimeitwa mtu wa kununuliwa," alisema. "Kesi hii siwezi kuisikiliza tena."

Ingeanza upya mwakani, kwa jaji mwingine. Ardis alibaki ameketi. Katika watu wote waliotia fedha kwenye uchaguzi ule kwa ajili ya kisima chake, ni yeye peke yake aliyeandika jina lake.