Raia wa India Nyumbani Kwetu

Katika watu wanne tuliokuwa tukikutana nyumbani kwetu Queensbury, London, kila Jumamosi, wanaume wakibishana kuhusu India, raia wa India alikuwa mmoja tu, naye ni mume wangu. Mimi nilizaliwa Moshi. Jirani zetu, mke na mume, walizaliwa Tanga. Kwa macho ya watu sisi watatu ni Wahindi, lakini pasipoti zetu ni za Uingereza, na India tumekwenda kama wageni, kwa harusi na misiba. Mume wangu ndiye aliyezaliwa India, kijijini Gujarat. Alikuja London akiwa kijana, akafungua duka la vifaa vya umeme na mabomba kule Kilburn, akaniona kwenye harusi ya watu, akanioa. Uraia wake hakuubadilisha. India hairuhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo kuchukua pasipoti ya hapa kungekuwa kuiacha ya kwao, na hilo alisema hawezi kulifanya kwa ajili ya kukwepa foleni ya uwanja wa ndege. Basi kila tulipotoka safari, mimi na binti yetu tulipita haraka, tukamngoja upande wa pili na mizigo. Alipotakiwa kwenda kwenye jengo la uhamiaji Croydon kushughulikia kibali chake cha kuishi, alivaa suti.

"Siku nikiacha kupiga kura kule," alikuwa akisema, "nitakuwa mtalii kwetu."

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu. Mkewe ni shoga yangu tangu binti zetu walipoanza shule pamoja. Wao ni Waislamu, sisi ni Wahindu, na kwa miaka mingi jambo hilo lilihusu zaidi nani apikiwe nini. Mwalimu aling'oa mbao mbili za uzio wa nyuma ili tusizunguke barabarani, na Jumamosi mchana walikuja kwa njia hiyo, yeye na mkewe, na sahani imefunikwa kitambaa. Wanaume walikaa mbele ya televisheni wakizungumza Kigujarati. Sisi wawili tulibaki jikoni na Kiswahili chetu, tukikaanga bajia au mihogo, na sauti zikipanda kule sebuleni shoga yangu alisema, bila hata kugeuka, kwamba bunge limefunguliwa.

Walibishana juu ya kila kitu. Bei ya vitunguu, sheria za wakulima, reli, noti zilizofutwa ghafla watu wakapanga foleni benki. Mume wangu aliitetea serikali, mwalimu aliihoji. Mume wangu alipiga meza; mwalimu aliuliza hesabu hiyo ameitoa wapi. Kisha walikunywa chai.

Nataka nimtendee haki mume wangu, kwa sababu ni rahisi kumsimulia vibaya. Mama yake aliamka kabla hakujapambazuka maisha yake yote ili aende shambani kujisaidia watu wasimwone. Alipika kwa kuni mpaka kifua kikaharibika. Kwa hiyo serikali ilipojenga vyoo vijijini, na wajane wakapata mitungi ya gesi, na muuza madafu wa barabarani akaanza kulipwa kwa simu, mume wangu aliona kitu ambacho sisi wa Moshi na Tanga hatukukiona. Aliniambia mara moja kwamba mama yake alizaliwa mapema mno. Kwa hayo simlaumu mpaka leo.

Lakini pamoja na vyoo yalikuja na mambo mengine. Yalikuja kwenye simu yake, video moja baada ya nyingine, asubuhi kabla hajapiga mswaki. Akaanza kusema "watu wetu" kwa namna ambayo mwanzoni sikuielewa, kisha nikaielewa. Ilipopitishwa sheria ya uraia iliyowafungulia mlango wakimbizi wa dini kadhaa na kuwaacha Waislamu nje, alisema Waislamu wana nchi nyingi za kwenda. Mwalimu alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi. Hakuuliza hesabu imetoka wapi. Tangu hapo alihoji kidogo zaidi kila Jumamosi, na mume wangu akadhani anashinda.

Mwalimu alikuwa na binamu katika mji mmoja wa Gujarat, fundi wa vyerehani. Mume wangu alimfahamu. Miaka kadhaa nyuma, alipokwenda kwao kupiga kura, mwalimu alimtuma ampelekee binamu huyo dawa, na mvua ikamzuia, akalala pale. Alirudi akisifu dengu za mke wa binamu kwa wiki nzima.

Basi ilitokea huko kwamba maandamano ya sikukuu ya Kihindu yalipita mtaa wa binamu, wenye Waislamu wengi, mawe yakarushwa, haikujulikana nani alianza. Baada ya muda mfupi manispaa ikaleta matingatinga. Ikasemwa kwamba nyumba zile zilijengwa bila kibali. Upande mmoja wa mtaa ulivunjwa wote, nyumba ya binamu ikiwemo, na vyerehani vya wateja ndani yake.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na simu. Hakukaa. Alimpa mume wangu atazame. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, nikaona na mimi: ukuta wa kijani ukiinama polepole, kabati likadondoka, mwanamke akipiga kelele nyuma ya mtu aliyekuwa akirekodi. Mume wangu alitazama mpaka mwisho. Namjua; niliona shingo yake ikibadilika rangi. Laiti angenyamaza tu. Laiti angesema pole, neno ambalo hata kwa Kiswahili chake kibovu alilijua. Lakini nadhani alihofu kwamba akisema pole atakuwa ameshindwa mabishano ya miaka yote.

Akasema, "Kama nyumba ilikuwa halali, wangeivunja kwa nini?"

Mwalimu aliichukua simu yake, akaifuta kioo kwa shati.

"Bhai," akasema, maana siku zote alimwita hivyo, kaka, "wewe ulilala kwenye nyumba ile."

Alipokea kikombe kutoka kwenye sinia langu, akanywa kwa kusimama, akanishukuru. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka barabarani kurudi kwake.

Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo nilimkumbusha mume wangu habari za baba yangu. Baba alikuwa na jengo la ghorofa Moshi, sisi tukikaa juu, wapangaji chini. Siku moja redio ikatangaza kwamba majengo ya namna ile sasa ni mali ya serikali, na tangu hapo tukawa wapangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Walikuwepo majirani walioshangilia, na wengine walikuwa na sababu zao, kwa kuwa wenye majengo hatukuwa watu wema siku zote. Lakini baba aliwauliza maofisa kosa lake ni nini, wakamwambia hana kosa, ni sheria. Nilimwambia mume wangu, baba yangu pia aliambiwa ni sheria.

"Hiyo ni tofauti," akasema.

Nilimwomba anieleze tofauti yenyewe. Akakausha sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka.

Mwalimu na mkewe hawakuja tena. Shoga yangu nilikutana naye dukani, kituoni, tukakumbatiana kama kawaida. Aliniambia wazi kwamba mimi na yeye hatuna ugomvi, lakini hawezi kumwacha mumewe akae peke yake Jumamosi huku yeye anacheka jikoni kwangu. Nilimwelewa. Ningefanya vivyo hivyo. Binti yetu alipopata habari alitujibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba tumegombana juu ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeishi humo. Hakukosea, ila neno lake halikutusaidia.

Ulipofika uchaguzi mkuu wa India mume wangu alikwenda, kwa kuwa raia aliye nje lazima aende mwenyewe kupiga kura yake. Alinipigia simu ya video kutoka kijijini, akanionyesha kidole chake chenye wino. Nilimsifu. Baada ya hapo simu yake haikupatikana siku nzima, nami nikaanza kuwa na wasiwasi. Alipopatikana alikuwa kituo cha treni, na kelele nyingi. Alikuwa amekwenda kumtafuta binamu wa mwalimu.

Alimkuta amepanga chumba kimoja karibu na reli, akitengeneza vyerehani juu ya mkokoteni. Alijiandaa kutukanwa, aliniambia, na angevumilia. Lakini yule mtu alimkaribisha, akamwita mkewe, wakamwekea dengu, wakauliza kama magoti ya mwalimu yanaendelea vizuri. Kisha akampeleka kuona mtaa. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa bati. Binamu alimweleza kwamba kodi ya nyumba alikuwa akiilipa kwa manispaa ile ile iliyosema haiitambui nyumba hiyo. Alieleza hayo bila hasira, kama mtu anayekueleza njia ya kufika stendi.

"Ilifaa nianze kwake kwanza," mume wangu akaniambia kwenye simu. "Halafu ndiyo nipige kura."

Sikumuuliza kura alimpa nani. Hajawahi kuniambia.

Aliporudi London alikuta bango la kuuzwa mbele ya nyumba ya jirani. Mwalimu na mkewe walikuwa wanahamia Leicester, karibu na binti yao. Haikuwa kwa ajili yetu. Magoti yalikataa ngazi, na wajukuu wako kule. Ila zamani tungejua mapema, tungebishana nao wasihame, tungewasaidia kufunga vyombo. Safari hii tuliona gari la mizigo kupitia dirishani. Nilitoka kumuaga shoga yangu, tukalia kidogo pale barabarani. Mume wangu alisimama nyuma yangu mikono mifukoni, na mwalimu alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Baadaye Mahakama ya Juu ya India ilisema serikali haiwezi kuvunja nyumba ya mtu kwa sababu tu anatuhumiwa kosa, na kwamba lazima apewe taarifa na nafasi ya kujitetea. Mume wangu aliisoma habari hiyo kwa sauti, kisha akarudia kuisoma. Akaniambia nipige simu Leicester, tuombe kwenda.

Tulipokelewa vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Sahani za wageni zilitolewa kabatini. Mwalimu aliuliza habari za duka, za mvua, za barabara. Mume wangu alipoanza kusimulia alivyokwenda kwa binamu, mwalimu alimkatiza kwa upole.

"Aliniambia. Alifurahi sana."

"Nilikosea siku ile," mume wangu akasema.

Mwalimu alifikiri. Ni mtu anayefikiri kabla ya kujibu.

"Bhai, hukuteleza ulimi. Ulisema unachoamini. Mimi ndiye nilikuwa sijui kwamba unaamini hivyo, na tumekaa pamoja miaka yote ile."

Shoga yangu akaleta matunda, tukazungumza juu ya kriketi na wajukuu mpaka jua likazama. Mlangoni walipeana mikono. Sasa tunatumiana salamu za Diwali na za Idi, maneno mazuri yenye picha za taa na mwezi, na ndani yake hakuna kitu.

Anayempigia mume wangu simu ni yule binamu. Hupiga Jumapili, mke wake akiwa nyuma anasalimia, na huzungumza muda mrefu. Kesi ya nyumba bado iko mahakamani, inaahirishwa kila mara. Wakili ni mgonjwa, au hakimu amehamishwa. Juzi iliahirishwa tena. Mume wangu aliniambia huku akimenya chungwa, na nilingoja aseme kwamba mahakama za India zina kesi nyingi, au kwamba zamani ilikuwa mbaya zaidi, kama alivyokuwa akisema. Hakusema. Alinigawia nusu ya chungwa, akaniuliza kama nadhani yule mtu ataipata nyumba yake kabla hajafa. Nikamwambia sidhani.