Tumpe na Marehemu wa Ikinga

Majirani wa Chapwa, Tunduma, wakimuuliza mama yake Tumpe binti yake anafanya kazi gani huko chuo kikuu, hujibu bila kupepesa macho: "Anafundisha kompyuta adabu." Majirani huitikia kwa heshima, maana adabu wanaijua, na kompyuta wanaamini inaihitaji. Dokta Ombeni, mkuu wa kikundi cha utafiti anachofanyia kazi Tumpe, ana jibu refu zaidi, lenye uhandisi wa data ndani yake na mifumo na miundombinu, lakini ukimsikiliza hadi mwisho utalazimika kurudi kwa mama Tumpe ukaelezwe upya.

Kazi yenyewe ni kuchambua. Anayepika maharage husifiwa; aliyeyachambua akatoa mawe hakumbukwi mpaka siku mtu avunje jino. Pale chuoni Mbeya wapo wanaochora grafu za rangi na kupigiwa makofi kwenye mikutano. Kabla yao yuko Tumpe, anayepokea orodha chafu kutoka kila pembe, majina yamekosewa, namba zimepinda, mtu mmoja ameandikwa mara nne, na kuzitoa upande wa pili zikiwa safi. Hapigiwi makofi, naye hayangojei, kwa sababu hujipigia mwenyewe.

Ndivyo alivyo tangu utoto. Alizaliwa Ileje, akahamia Tunduma na mama yake akiwa bado anabebwa, na shuleni alikuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alipochagua uhandisi, mhadhiri mmoja alimwonya kwamba darasa zima litakuwa la wavulana. "Afadhali," Tumpe akamjibu, "nitakuwa na choo changu peke yangu." Neno labda halimo kinywani mwake. Wenzake humpenda kwa hilo, na kwa hilohilo humchoka.

Sasa, ulikuwepo muungano wa wakulima wa mahindi na kahawa, wenye wanachama kuanzia Mbozi hadi milima ya Ileje, ambao huwagawia mbolea kabla ya mvua. Kila ghala lilikuwa na karani wake, na kila karani aliandika majina kadiri alivyoamka. Matokeo yake watu wajanja walichukua mbolea mara mbili, na waliokwisha kufa waliendelea kulima. Muungano ukaomba msaada chuoni. Dokta Ombeni akapanga chumba Tunduma, juu ya duka la spea za malori, akamweka humo Tumpe pamoja na Twaibu, kijana wa mtandao, ambaye baba yake alitoka Tanga zamani kuja kusafirisha mizigo Zambia na hakurudi tena.

Tumpe aliumaliza mgogoro wa majina kwa kanuni moja. Makarani wengine hutanguliza jina la baba, wengine jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo akaielekeza kompyuta isijali lipi limetangulia. Majina yakiwa yaleyale, kijiji kilekile na namba ya simu ileile, basi huyo ni mtu mmoja. Waliijaribu kwa wafanyabiashara wa Tunduma wenye mashamba, na kweli, Seleman Yusuf na Yusuf Seleman wakatokea kuwa mzee mmoja mwenye kofia moja na tamaa mbili. Kikundi kizima kilicheka. Tangu hapo ikaitwa Kanuni ya Tumpe, hata kwenye ripoti, na Tumpe hakumkataza mtu. Kwa majaribio, orodha mpya ikaingizwa kwenye programu ya simu waliyopewa makarani wote.

Ijumaa ambayo viongozi wa muungano walitarajiwa kuja kuuona mfumo na kutia saini mkataba wa mkoa mzima, Tumpe alifika ofisini na gauni jipya la kitenge. Alikuwa anajaribu mashine ya kuonyeshea picha ukutani aliposikia hodi.

Aliingia bibi mmoja mkavu, mwenye kitambaa kilichofungwa barabara kichwani, na nyuma yake mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye.

"Shikamoo, bibi. Karibuni, kaeni."

"Marahaba. Ninyi ndio mnaoandika watu waliokufa?"

Twaibu alipaliwa na chai.

"Sisi tunaandika wakulima, bibi," Tumpe alisema.

"Basi mwanangu, nimekuletea mmoja. Mimi ni Loisi, nimetoka Ikinga, kule Ileje. Huyu ni mume wangu."

Twaibu akamtazama bibi, akamtazama mwanamume, akatazama chini kwa adabu. Tumpe aliangua kicheko. Alijua mara moja kwamba huyo ni mjukuu aliyerithi jina la babu. Yeye mwenyewe amebeba jina la bibi yake, na babu, mpaka anaingia kaburini, alimwita mke mdogo na kumbakizia mchuzi.

"Anaitwa Ambilikile Osea," bibi Loisi aliendelea. "Ni jina la mzee wangu. Mzee tulimzika mwezi wa tatu, tukalia, tukala, tukatawanyika. Sasa huyu kaenda kuchukua mbolea. Karani kaangalia simu yake, kamwambia, pole sana kwa msiba, wewe ulishafariki. Mume mmoja nimemzika mimi. Huyu wa pili mmemzika ninyi, wala hamkunialika matangani."

Tumpe aliacha kucheka. "Na baba yake?"

"Osea? Naye kafa humohumo kwenye simu yenu. Nilimwambia twende wote, kakataa. Kasema maiti hapandi basi."

Tumpe aliketi mbele ya kompyuta na kulitafuta jina. Wakatokea watatu waliokuwa wamegeuzwa mmoja: Ambilikile Osea, Osea Ambilikile, Ambilikile Osea. Babu, baba, mjukuu. Kijiji kimoja, na simu moja, ile ya mzee, inayokaa dirishani panaposhika mtandao na kutumiwa na nyumba nzima. Mwezi wa tatu mtendaji alitoa taarifa ya kifo, na kompyuta, kwa utiifu wake wote, ikaufuta ukoo mzima kwa mkupuo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasubiri chai.

Tumpe aliona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni. Kama kanuni ile ingetungwa na Twaibu, angemwelewa. Kama na Dokta Ombeni, angemsimanga mwaka mzima. Lakini katika kikundi chote ni yeye peke yake aliyelelewa katika desturi hiyo, akala mchuzi wake. Aliiacha nyumbani kama mtu anavyoacha mwavuli, akaenda ofisini kuwaandikia watu wa kwao kanuni ya watu wa sokoni. Akaiuliza kompyuta ni wangapi Ileje waliounganishwa na marehemu wa namna hiyo. Orodha ikashuka, ikashuka, ikapita mia.

"Dada Tumpe," Twaibu alinong'ona nyuma yake, "hapa tumeyakanyaga."

"Nimeyakanyaga mimi. Kanuni ina jina la nani?"

Dokta Ombeni alipofika alielezwa kila kitu akiwa bado amesimama mlangoni. Si mtu mbaya. Ni mtu wa taratibu, mwenye mishahara ya kikundi kichwani, na mkataba ule ulikuwa ndio ugali wa mwaka ujao. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tusaini kwanza," alisema. "Wiki ijayo tutarekebisha kimyakimya."

"Malori ya mbolea yanapanda Ileje Jumatatu, Daktari. Wiki ijayo mifuko ya hawa itakuwa imeshagawiwa wengine. Na mvua haisaini mkataba na mtu."

"Wakijua leo, wataondoka."

"Basi waondoke wakijua. Watu mia hawa hawapandi bila mbolea. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya wageni, siyo wewe, na sijui kusema uongo nikiwa nimesimama." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, maana alikuwa anamheshimu: "Niachie. Nikiharibu, niondoe kwenye kikundi."

Dokta Ombeni alivua miwani tena. Alikwenda kupanga viti.

Viongozi walikuja sita, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama Imelda, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi ambaye husikiliza akiwa amefumba macho, ukadhani amelala, kumbe anakuhesabia makosa. Tumpe alisimama mbele ya ukuta. Picha ya kwanza ilikuwa imeandikwa Kanuni ya Tumpe kwa herufi kubwa. Akaizima.

"Waheshimiwa, kabla ya yote, nawaomba mumsalimie marehemu."

Ambilikile akainuka kwenye kiti cha nyuma, akafunga kifungo cha koti. "Hamjambo," alisema.

Walicheka, kwanza kwa kutoelewa. Tumpe akaeleza, bila kupamba na bila kujipiga kifua: kanuni inasema nini, Tunduma ilifaa vipi, Ileje imeua wangapi. Kadiri alivyoendelea kicheko kilipungua mpaka ngurumo za malori barabarani zikasikika wazi. Mama Imelda akafumbua macho.

"Mimi nimepewa jina la shangazi yangu," alisema. "Naye alikufa mwaka jana."

"Wewe uko hai, mama. Nimekuangalia kabla hujafika."

Hapo mama Imelda alicheka kweli. Kisha akasema: "Mkataba sisaini leo."

"Sikuombi saini leo. Naomba malori yasubiri mpaka Alhamisi. Nitapanda Ileje mwenyewe."

"Na ukichelewa?"

"Sichelewi."

Mtu mwingine angesema atajitahidi. Mama Imelda alimtazama kwa muda mrefu, akampa mpaka Alhamisi.

Walipobaki wenyewe Twaibu alipendekeza kompyuta ikisie: mwenye umri mkubwa ndiye babu. Tumpe akamwonyesha orodha; nusu ya wazee walikuwa wameandikiwa mwaka uleule mmoja wa kuzaliwa, ule aliojibunia karani. "Tumeshakisia vya kutosha," alisema. "Mambo ya wajina yanajulikana kwa watu. Tukawaulize." Jumamosi na Jumapili akaipanua programu ya simu, akaweka swali jipya: jina hili umerithi kwa nani? Jumatatu alfajiri Dokta Ombeni alikuja mwenyewe na gari la chuo na kushika usukani.

Ikawa kazi ya siku tatu, kwa miguu zaidi kuliko kwa gari. Swali lile watu walilipenda mno. Ulipouliza mtu analima ekari ngapi, alikujibu kwa mashaka, akidhani ni kodi; ulipomuuliza amerithi jina la nani, alikuvutia kigoda. Walisimuliwa habari za mababu waliouawa na nyati na mababu waliokwenda migodini wakarudi na gramafoni. Waliokuwa wamefutwa wakarejea mmoja mmoja, na kila aliporejea mmoja Twaibu alitangaza kwa sauti, "Amefufuka!" mpaka mchungaji mmoja akamwomba awe na kiasi.

Jumatano mchana walifika kwa bibi Loisi. Osea, yule maiti asiyepanda basi, aliwakaribisha kwa ndizi za kuchoma. Ambilikile alikuwa ameshatifua shamba lote. Udongo ulikuwa wazi, mawingu yameinamia kilima, na kilichokosekana ni mifuko peke yake.

Kuwatenganisha watatu hao kulihitaji jambo moja. Lazima mtu wa nyumba amtaje aliyekufa na kuthibitisha, ndipo waliobaki waachiliwe. Tumpe alichuchumaa karibu na kigoda cha bibi.

"Ambilikile Osea mkubwa, bibi. Mume wa Loisi. Amefariki?"

Bibi Loisi, aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu tangu Tunduma, hakuwa nao safari hii. Alitazama mgombani, pale udongo wa kaburi ulipoanza kuota majani.

"Mmoja akiitwa, nilikuwa nasikia wote wawili," alisema. "Sasa unataka niwagawe."

"Nisipowagawa, huyu hapandi."

"Najua. Sijasema usiandike." Akavuta pumzi. "Amefariki."

Tumpe akagusa kioo. Simu haikukubali mara moja. Ilitoa swali, kama alivyoielekeza yeye mwenyewe, kwa ajili ya watu ambao vidole vyao huteleza: Una uhakika? Tumpe akalisoma swali mara mbili.

"Inasemaje?" bibi aliuliza.

"Inauliza kama tuna uhakika."

Bibi Loisi alinyoosha mkono wake wa kulia, mgumu, wenye udongo kwenye mistari, akauweka mbele ya ile simu kama anayeionyesha.

"Iambie nilimfumba macho kwa mkono huu."

Tumpe akabonyeza ndiyo.